Uani kwetu Malindi kumeota kitu cha pembe nne, hakina jani wala mwiba. Wajuzi, ni nini hiki?

#1 BintiMaweni
Salamu wadau. Niko Malindi, Maweni. Nyuma ya tangi la maji, pale ukuta wa matumbawe ulipobomoka, pameota kitu ambacho hapa nyumbani hakuna aliyekipanda. Nimeuliza kila mtu, hata fundi wa mabomba. Ni vijiti vinene kama kidole gumba, urefu wa shubiri moja hivi, kijani kilichofifia kuelekea kijivu, na vinachipuka kutoka chini kama migomba inavyochipuka. Kila kijiti kina pembe nne, na juu ya pembe kuna vijino, ila havichomi. Jani hakuna hata moja.

Ramadhani ya mwaka jana vilikuwa vitatu. Leo nimehesabu, ishirini na saba. Mamangu anataka ving'olewe, anasema vinaleta nyoka. Mimi nimevipenda. Kabla sijagombana na mama nataka kujua ni mmea gani, una sumu, na je, unatoa ua?

#2 KambiPopote
Picha iko wapi? Uzi wa mmea bila picha ni biriani bila nyama.

#3 BintiMaweni
Picha zinakataa kupanda, mtandao leo unasuasua. Nitajaribu usiku.

#4 MzeeWaNgomeni
Mwanangu, huo ni mnyaa. Mama yako ana haki, ng'oa, lakini si kwa nyoka, kwa maziwa yake. Tukiwa vijana tulikata ua wa mnyaa kwa panga, tone likamwingia ndugu yangu jichoni. Tulimwosha kwa mitungi ya maji na bado alikaa siku mbili macho hayafunguki. Mpaka leo akiona mnyaa anavuka barabara.

#5 MwanaAmu
Mzee wangu #4, pole ya ndugu yako, lakini mnyaa una vijiti vya mviringo, kama penseli. Binti asema pembe nne. Mimi jina siyui, ila mnyaa si huo.

#6 ChakiNaUbao
Wote wawili mna hoja. Mnyaa wenyewe ni wa mviringo, kweli, ila una ndugu wengi wenye pembe tatu, nne, hata zaidi, na hao wengi wana miiba. Kinachowaunganisha ni maziwa meupe. Kwa hiyo BintiMaweni, funika mkono kwa mfuko wa plastiki (kama bado unao tangu marufuku ya 2017, usituambie umeutoa wapi), kata ncha ya kijiti kimoja, kisha ungoje. Yakitoka maziwa, ni jamii ya mnyaa, na usishike uso. Yakitoka maji maangavu, tuendelee kutafuta.

#7 BintiMaweni
Nimekata. Hakuna maziwa. Maji tu, kidogo, kama ya tango. Harufu hakuna.

#8 MzeeWaNgomeni
Labda kiangazi kimekausha maziwa.

#9 ChakiNaUbao
Mzee wangu, mnyaa wa jirani yangu unamwaga maziwa hata Februari jua likipasua mawe. Huu tuuondoe.

#10 TangaRaha
Mnazunguka sana wakuu. Hiyo ni dungusi. Mmea hauna majani, una maji ndani, unaota penye mawe. Dungusi. Tufunge uzi.

#11 MtuWaVitalu
Tusifunge. Dungusi zote asili yao ni mabara ya Amerika, isipokuwa aina moja tu inayoota yenyewe Afrika, nayo inaning'inia kwenye miti, nyembamba kama kamba. Hata mpungate uliojaa huku kwetu ulivuka bahari kuja. Tena angalia mwiba wa dungusi unapotokea, utakuta kidoa kidogo chenye manyoya. Binti anasema vyake ni vijino vya nyama ya shina lenyewe. Hiyo si dungusi.

#12 TangaRaha
Mkuu umekuja na shule nzima. Haya, basi ni nini?

#13 MtuWaVitalu
Nasubiri picha.

#14 BintiMaweni
Picha hizo, tatu. Ya pili kidole changu kimeingia, samahani.

Pia nimejaribu ile programu ya simu inayotambua mimea. Jana ilisema ni jamii ya mnyaa. Leo asubuhi, mmea uleule, ikasema dungusi. Nimepiga tena sasa hivi, imesema bamia.

#15 KambiPopote
Kidole kimetoka vizuri kuliko mmea. Bamia nayo si mbali, ina pembe.

#16 ShambaboiMstaafu
Dada, acha kutafuta. Hilo ni ua la mzoga. Nakwambia kwa sababu lilinitesa.

Nilifanya kazi ya bustani miaka tisa kwenye nyumba ya Waitaliano upande wa Casuarina. Barazani kulikuwa na chungu chenye vijiti kama hivyo vyako, nami nilikuwa nakimwagilia bila kukijua. Asubuhi moja sinyora akaniita, akaniambia kuna panya kafa. Harufu ilikuwepo, siwezi kubisha. Nikahamisha makochi. Nikapanda darini kwenye makuti. Nikachimbua bomba la maji machafu. Siku mbili sikupata hata mkia. Siku ya tatu nikaona nzi wamejazana pale kwenye chungu kama watu wa maandazi alfajiri. Nikainama. Lahaula! Ua kubwa kama sahani ya pilau, lina ncha tano, rangi ya manjano iliyokwajuka, limechorwa mistari myekundu kama mishipa, na lina vinyweleo. Yaani ni ngozi ya mnyama aliyekufa, ila imeshonwa kama nyota.

Sinyora akafungua kitabu chake akasoma jina, Stapelia gigantea. Akafurahi mno. Chungu hakutupa. Alikihamishia chini ya dirisha la chumba changu.

#17 MwanaAmu
Wallahi nimecheka mpaka punda wa jirani kaitika. Na ua zima lanuka kwa faida ya nani?

#18 ShambaboiMstaafu
Kwa faida ya nzi, au tuseme kwa hasara yake. Nzi anadhani amepata mzoga, anatua, anataga mayai. Huko anakohangaika ndiko anakonasa chavua na kuipeleka ua jingine. Funza wakianguliwa hawana cha kula, wanakufa.

#19 MwanaAmu
Basi huo ni utapeli, si uchavushaji.

#20 MtuWaVitalu
Picha nimeziangalia. Kuhusu ukoo nakubaliana na #16, kuhusu jina bado. Wenye mashina ya pembe nne, vijino laini na maji maangavu ni wengi. Stapelia ile kubwa kwao ni kusini mwa Afrika, na shina lake ukilipapasa lina ulaini wa mahameli kwa sababu ya vinyweleo vifupi. Huernia zina shina tupu lisilo na vinyweleo, vijino vyake ni vikali zaidi, na maua yake ni madogo, mengine hayazidi sarafu, tena yanatokea chini karibu na udongo, unaweza kuishi nayo mwaka mzima usiyaone. Kuna pia Orbea, ua lake ni la ukubwa wa wastani, manjano lenye madoa ya hudhurungi, na pete nene katikati kama kitumbua.

Hayo majina nayo yana visa. Huernia ilikusudiwa kumuenzi Mholanzi mmoja aliyeitwa Heurnius, aliyeliandika akageuza herufi, na likabaki hivyohivyo.

BintiMaweni, pitisha kidole juu ya shina utuambie.

#21 KambiPopote
Kama kitambulisho changu. Wameandika jina la babu kwa herufi za mtu mwingine, nikaambiwa nijizoeze.

#22 BintiMaweni
Nimepitisha. Mimi nasema laini kabisa, kama tango. Mama naye kapitisha, kasema mahameli. Mpwa wangu wa miaka sita kasema ulimi wa paka. Nyumba moja, vidole vitatu, majibu matatu.

#23 MtotoWaVoi
Mnatafuta kwenye bustani za wageni mkasahau pori la kwetu. Huku Taita Taveta, ukielekea Tsavo, vitu vya namna hiyo vinaota chini ya vichaka vya miiba. Nikichunga mbuzi wa babu nilikuwa naviona. Maua yake hayatoki moja moja, yanajikusanya juu ya shina kama mpira, rangi ya zambarau iliyoiva kupita kiasi, na harufu ni ileile. Mwalimu wetu alituambia ni Caralluma. Kwa nini ya Binti isiwe hiyo? Malindi na Tsavo wamepakana na mto uleule wa Galana.

#24 MtuWaVitalu
Inawezekana, ingawa ile yenye mpira wa maua mashina yake huwa manene kuliko kidole gumba na yanasimama juu. Labda ya Binti bado changa.

#25 MtotoWaVoi
Ndiyo hivyo, changa. Subirini ikomae.

#26 ShambaboiMstaafu
Ishirini na saba kutoka vitatu, halafu changa? Hiyo ni familia yenye wajukuu.

#27 MamaPilipili
Jamani na mimi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mmea wa pembe nne uani, Mombasa, na jirani yetu Mhindi alikuwa akija kuomba kipande mtu akivunjika mfupa. Wao wanauita hadjod, kiunga mifupa. Je, si huo?

#28 ChakiNaUbao
Swali zuri. Huo ni Cissus quadrangularis, ndugu wa mzabibu, na unaota Afrika kama unavyoota Uhindini. Pembe nne anazo. Lakini unatambaa, una vikono vya kushikia kama vya tango, na shina lake limebanwa kwa vifundo kama soseji zilizofungwa. Kwenye vifundo vile vichanga hutoa na jani. Binti, vifundo vipo?

#29 BintiMaweni
Vikono havipo. Vifundo… hapana, ila kuna kijiti kimoja kimelala chini na mahali kilipogusa udongo kimetoa mizizi. Na kimoja kimeegemea ukuta, sijui ni kutambaa au uvivu.

#30 MamaPilipili
Basi msimkatalie bibi yangu haraka hivyo.

#31 TangaRaha
Nauliza tu. Kama hakuna aliyeupanda, ulifikaje nyuma ya tangi? Mbona hilo hamjibu?

#32 MtuWaVitalu
Upepo. Ukoo huu wa mzoga matunda yake ni mawili mawili, kama pembe za swala, yakipasuka mbegu zinatoka na nyuzi za hariri zinaruka. Umeona mpamba mwitu unavyopeperusha? Hivyohivyo. Kaskazi moja tu inatosha.

#33 ShambaboiMstaafu
Upepo gani! Ukipogoa bustani za wakubwa, takataka unabeba na mkokoteni. Kipande cha mmea huu kinaweza kulala juu ya jiwe kavu kwa wiki nyingi kisife, kikipata mchanga kinashika. Muulizeni mama kama alinunua mchanga wa kujengea, au kama kuna aliyemwaga taka za bustani pale nyuma.

#34 BintiMaweni
Mchanga tulinunua, wa kurekebisha choo. Lori lilimwaga palepale.

#35 ShambaboiMstaafu
Haya.

#36 MtuWaVitalu
Kumwaga mchanga palepale hakuthibitishi kitu. Upepo nao ulipita palepale.

#37 MzeeWaNgomeni
Tumesahau la nyoka. Mama ana hofu ya kweli. Nyoka hafuati ua, anafuata panya, na panya anafuata lile tundu la ukuta uliobomoka. Zibeni ukuta kwanza. Na kama ni mmea unaonuka na kukusanya nzi, mjusi atakuja kula nzi, na nyoka atakuja kula mjusi. Kwa hiyo mama hajakosea sana.

#38 MwanaAmu
Kwetu Amu nyumba ya zamani ina kiwanda, yaani uwanja mdogo wa ndani, katikati, na bibi alikuwa akipanda mshubiri ndani ya mtungi uliopasuka. Wa nyoka sikusikia. Wa kuachisha mtoto kunyonya ndio, nimepakwa mimi mwenyewe, na bado naukumbuka uchungu wake.

#39 KambiPopote
Hakuna anayekumbuka kuachishwa ziwa. Usitupige kamba.

#40 MwanaAmu
Wewe hukupakwa shubiri ya Amu.

#41 MamaPilipili
Na ule mmea wenye majani manene, watoto wanaota pembeni mwa jani, wakidondoka kila mmoja anakuwa mti? Nao uliingia kwangu bila hodi. Sasa uko kwenye paa.

#42 ChakiNaUbao
Huo asili yake ni Madagaska, jamii ya Kalanchoe. Usimpe mbuzi. Una sumu inayogusa moyo, na ua lake ndilo baya zaidi. Lakini si wa Binti, wa Binti hauna jani.

#43 BintiMaweni
Tukiwa kwenye sumu, hamjanijibu. Mpwa wangu keshaonja.

#44 MtuWaVitalu
Kaonja nini? Alitema? Yuko salama?

#45 BintiMaweni
Alitema, akasema chungu, akaomba soda. Yuko sawa, anacheza mpira. Ilikuwa juzi.

#46 MtuWaVitalu
Alhamdulillahi. Uhindini kuna Caralluma mmoja ambao watu huula kama mboga, ndiyo maana utawasikia wengine wakisema ukoo huu ni salama. Lakini mpaka jina lijulikane usimruhusu mtu kutafuna, kwa sababu ndugu wa mnyaa na hawa wanafanana kama mapacha.

Kumwagilia: usimwagilie ovyo. Mimea hii mchana hufunga vitundu vyake vya kupumulia isipoteze maji, usiku ndipo inafungua kuvuta hewa. Maji yakituama inaoza kuanzia chini. Masika ndiyo adui yake, si kiangazi.

#47 TangaRaha
Kwa hiyo ni mmea unaolala mchana na kuamka usiku. Namjua mtu hapa jukwaani wa hivyo.

#48 KambiPopote
Nimeona, nimenyamaza.

#49 BintiMaweni
Wadau, nimerudi baada ya wiki tano. Kuna TUMBA. Liko chini kabisa, karibu na udongo, kama kijibofu kilichochongoka. Mama nimemsihi anipe muda mpaka lifunguke.

#50 MtuWaVitalu
Chini karibu na udongo? Huernia. Nilisema.

#51 ShambaboiMstaafu
La kwangu nalo lilitokea chini. Tumba kama puto. Pima ukubwa.

#52 BintiMaweni
Jana lilikuwa kama kokwa ya tende. Leo kama embe changa.

#53 ShambaboiMstaafu
Mnasikia? Embe! Huernia gani inatoa embe.

#54 MtotoWaVoi
Embe changa lina ukubwa mwingi. Embe dodo changa au embe boribo changa?

#55 KambiPopote
Naweka kambi hapa. Nimekuja na mkeka na kahawa.

#56 BintiMaweni
Wadau, nina habari na ni mbaya.

Ua lilifunguka jana. Mimi nilikuwa kazini, Watamu. Mama alinipigia saa nane mchana, akaniuliza kama niliacha samaki mahali. Nikamwambia, mama, ni ua, chukua simu upige picha. Akasema simu ndiyo hii anayoongelea. Ikabidi akate. Kufika nyuma ya tangi akakuta nzi, na pamoja na nzi akakuta kuku watatu. Kuku walifuata nzi na vile vifunza. Walivyodonoa walidonoa pamoja na ua.

Nimerudi nimekuta ncha moja tu, imekauka, manjano chafu yenye alama nyeusi nyeusi. Sijui ni madoa au ni mistari iliyokunjamana. Mama anasema ua lilikuwa kubwa kama kisahani cha chai. Mpwa wangu anaapa lilikuwa kama shilingi ishirini. Mama anasema mtoto hajui hesabu. Mtoto anasema bibi hakuvaa miwani.

#57 MtuWaVitalu
Kisahani cha chai ni Orbea. Pete katikati ilikuwepo? Kama kitumbua?

#58 BintiMaweni
Nimemuuliza mama. Anasema katikati kulikuwa na kuku.

#59 MwanaAmu
😂😂😂 Nimeanguka barazani.

#60 ShambaboiMstaafu
Kisahani ni kwa sababu lilikuwa halijamaliza kufunguka. Lingeachwa mpaka jioni lingekuwa sahani. Nasimama palepale.

#61 MtotoWaVoi
Ncha moja haithibitishi kwamba ua lilikuwa moja. Huenda yalikuwa mengi yamekusanyika kama mpira, kuku wakala mengine.

#62 MamaPilipili
Angalau harufu imemtoa bibi yangu kwenye mashindano. Wa kwake haukunuka kamwe. Nimekubali. Ila kama kuna mtu Mombasa ana hadjod, goti langu linauliza.

#63 MzeeWaNgomeni
Na mimi mnyaa nimeutoa. Lakini mwanangu, ukuta mmeziba?

#64 BintiMaweni
Bado babu, saruji imepanda bei. Cha ajabu mama hataki tena ving'olewe. Anasema tangu ua linuke, jirani aliyekuwa anaanika nguo kwenye ukuta wetu bila ruhusa kahamisha kamba. Leo nimemkuta anavihesabu. Vimefika thelathini na moja.

Nimeweka wavu wa kuku kuzunguka pale. Anayetaka kipande aje na kopo lake, niko nyumbani Jumapili. MtuWaVitalu na Shambaboi mkija pamoja naomba msigombane mbele ya mama.

#65 ShambaboiMstaafu
Nitakuja. Niko Barani, si mbali. Nitaleta chungu na rula.

#66 MtuWaVitalu
Mimi nitaleta lenzi, tumalize habari ya vinyweleo.

#67 BintiMaweni
Mpwa wangu ameniita sasa hivi. Anasema kuna tumba jingine, upande wa ukutani.

#68 KambiPopote
Picha. Na safari hii toa kidole.